Vidonge vya Dokta Benchi

Dokta Benchi hakuwa daktari, ila benchi lilikuwa la kweli. Lilikuwa nje ya maabara ya hospitali, naye alilikalia akiwa na koti jeupe lililonyooshwa kuliko la daktari yeyote aliyekuwa ndani.

Fursa aliiona kwa mkewe, kabla mke hajamkimbia. Mke alipimwa damu kuangalia tezi ya shingo, majibu yakatoka mabaya. Muuguzi akamwambia aache vidonge vyake vya nywele na kucha, kwa kuwa vina vitamini inayoichanganya mashine. Akaviacha, akapimwa tena, akakutwa mzima. Mwenye imani angemshukuru Mungu akaenda zake. Dokta Benchi aliona duka.

Akanunua vidonge vilevile, akavimenya ganda lenye maandishi, akawa anawagawia bure waliokuja kupanga siku ya kipimo.

"Vya kusafisha damu, mama. Vimeze mpaka siku yenyewe, mashine ione vizuri."

Majibu yakitoka, huyo hapo tena, miwani puani, karatasi ya mgonjwa mkononi.

"Pole sana. Ubongo ndio bosi, tezi ndiyo kibarua. Hii namba ya juu ni sauti ya bosi, imeshuka. Hizi za chini ni kazi ya kibarua, zimepanda. Bosi kanyamaza kabisa na kibarua bado anakimbia. Huyo kapagawa, mama."

Hapo hakudanganya, ndivyo karatasi ile inavyosomwa. Uongo ulikuwa kwenye kichupa. Aliuza unga wa ngano uliotiwa rangi, kisha akaagiza vidonge viachwe. Mgonjwa akipimwa tena, kapona. Watu wazima na akili zao wakawa wanamwombea dua.

Akaja mjane mmoja, shangazi wa msusi mmoja wa mtaa wa pili. Hakuwa na fedha, akatoa herini za dhahabu alizovishwa na marehemu mumewe. Alifika saluni masikio matupu, kidonge kimoja kilichobaki amekifunga kwenye ncha ya kitambaa.

Msusi akakinusa. "Shangazi, hiki nakiuza hapa. Cha kucha."

"Usimseme vibaya dokta wa watu. Alinishika mkono akaniombea."

"Na herini, nazo aliziombea?"

Shangazi akajipapasa sikio.

Sasa, Dokta Benchi alikuwa na huzuni moja, nayo ilikuwa utosini. Msusi akapita mbele ya benchi, akakitazama kile kichwa kama anayepita penye msiba.

"Dokta, msomi mzima unatembea na upara huu? Njoo saluni nikusitiri."

Alikwenda mbio. Akapewa vidonge vya kuamsha mizizi, vitupu, havina ganda. Yeye aliyewamenyea wenzake hakuuliza vyake vimemenywa nini.

Baadaye msusi akampitia tena. "Mbona mikono inakutetemeka? Na macho yametoka kidogo, au ni mimi?"

Mtu akiambiwa anatetemeka, hutetemeka. Dokta Benchi akavua koti, akaingia maabara kwa mlango wa wagonjwa, akatoa mkono.

Bosi alikuwa kanyamaza. Kibarua alikuwa anakimbia.

Aliingia saluni na karatasi ya majibu mkononi. Shangazi alikuwa kwenye kiti, anasukwa.

"Dada, unamjua daktari mzuri wa tezi?"

"Si wewe?"

"Acha masihara. Naumwa."

"Meza unga wako."

"Unga wangu..." Akatazama sakafu. "Ni wa ngano."

Wateja wote wakageuka. Mmoja alikuwa na kichupa cha unga huo kwenye pochi.

"Basi dawa ninayo mimi," msusi akasema. "Bei yake ni herini za shangazi."

Dokta hakuwa ameziuza, alingoja bei ya dhahabu ipande. Akazitoa mfuko wa ndani. Shangazi akazivaa mbele ya kioo, polepole, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Haya, dawa," akasema Dokta Benchi.

"Acha vile vidonge vya mizizi. Baada ya siku kadhaa nenda kapime tena, na majibu akusomee daktari mwenye chumba."

Dokta Benchi akaitazama tena karatasi yake.

"Ni vilevile vyangu?"

"Vilevile."

Saluni nzima ikacheka, na shangazi akacheka kuliko wote, herini zikicheza. Dokta Benchi akaelekea mlangoni. Pale akasita, akajishika utosi.

"Lakini dada, nywele zitaota?"

"Zikiota, njoo. Nitakunyoa bure."