Gari la Isakwisa na Miguu ya Bibi Apolonia

Jumatatu, 7 Julai

Baridi ya Uyole leo si ya kusimulia. Vidole vinagoma kufunga vifungo. Lakini moyo wangu una joto. Jumamosi tunamleta Bibi Apolonia kutoka Iringa, bibi aliyemlea Faustina, mchumba wa mwanangu Isakwisa. Bibi kasema hatoi ndiyo yake mpaka aione kwa macho nyumba anakokwenda mjukuu wake. Haki yake. Aione tu. Nimepiga deki mpaka uani.

Na anakuja kwa gari la mwanangu! Gari la spoti la Kijerumani, jekundu, la zamani, liko chini chini kama mende. Daktari ambaye Isakwisa alikuwa dereva wake alimwachia alipostaafu na kurudi kwao. Injini iko nyuma. Halitumii maji, linapozwa na upepo tu. Mbeya nzima nani mwingine analo? Hakuna. Nimeulizia.

Shida ni moja. Miguu ya Bibi haivumilii baridi. Faustina kapiga simu, gari lisilo na joto Bibi hapandi. Nikamjibu la kwetu linapasha kama tanuri. Na wiki iliyopita lilipasha kweli. Leo nimepanda mpaka Mwanjelwa, nikashuka miguu siisikii. Ajabu.

Maandalizi yangu lakini yako vizuri. Ndizi za shambani kwetu Tukuyu, chane nne, nimezivundika tangu Jumamosi ili Bibi azikute zimeiva. Ndani hakuna joto la kuivisha kitu. Basi nimeziweka nyuma ya gari, pembeni ya injini, na majani makavu ya mgomba juu yake. Joto la bure! Isakwisa hajui. Tangu nilipopakia gunia la mkaa kwenye kiti chake hataki nisogee na mzigo. Akili hii sikuipata darasa la saba. Nimezaliwa nayo.

Jumanne, 8 Julai

Isakwisa kaleta fundi Nashoni. Nilipoona wanaelekea nyuma nikawahi, nikawaambia chai iko mezani, nikazitoa ndizi na kuzifunika kwa kanga. Majani yamepungua. Nadhani kuku.

Nashoni kazunguka gari akitafuta rejeta. Mbele, hakuna. Nyuma, hakuna. Kalala chini, hakuna. Isakwisa kamweleza taratibu kwamba kuna feni kubwa inayoipoza injini, upepo wake unapitishwa kwenye mabomba ya moto ya ekzosi, kisha unakuja na mipira chini ya gari hadi miguuni mwa abiria. Katikati ya viti kuna kijiti cha kuvuta waya unaofungua vifuniko vya joto. Nashoni kasikiliza, kisha kauliza tena rejeta iko wapi.

Wamejaribu kijiti. Waya wake mzima. Vifuniko vya chini vinafunguka. Joto hakuna, pumzi tu kama ya mtoto aliyelala. Nashoni kasema gari limezeeka. Nikamwambia na yeye kazeeka na bado anafanya kazi.

Walipoondoka nikarudisha ndizi pamoja na ile kanga. Nikaongeza majani.

Jumatano, 9 Julai

Mama Jackline! Jirani yangu, mwenzangu wa kwaya, sauti ya kwanza kama mimi ingawa haistahili. Leo mazoezini kasema mbele ya wote kwamba mwanawe Jofrey yuko tayari kumfuata Bibi kwa lile gari lake kubwa. Kasema humo ndani joto mpaka unavua sweta. Na kwamba yeye mwenyewe atakaa na Bibi njia nzima amchangamshe.

Yaani mkwe wangu achangamshwe na Mama Jackline. Afike kwangu ameshasikia habari zangu zote kwa mdomo ule. Ndoa itakuwepo kweli?

Nikashukuru kwa heshima. Nikasema gari letu lina joto la kupikia. Mama Jackline akacheka. Sasa najua nani kaliangalia gari la mwanangu kwa jicho baya.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefanya kazi ya ufundi mwenyewe. Nimeziba kila upenyo wa mlango kwa vitambaa. Nimejaza chupa za maji ya moto, nikazipanga chini ya kiti cha Bibi, nikazifunika kwa blanketi. Isakwisa kajaribu mpaka Igawilo. Vioo vikajaa ukungu, haoni mbele, na chupa moja ikafunguka kwenye kona. Karudi suruali imelowa, watu wa sheli wakimcheka.

Nikamwambia angalau amelowa vuguvugu.

Kanisihi niache gari lake. Kasema kama kesho halijapona atamwomba Jofrey. Nimelia kidogo jikoni. Kisha nikaenda kuzibonyeza ndizi. Zimeanza kulainika! Nimeongeza majani mengi.

Ijumaa, 11 Julai. Iringa, Kihesa

Tumefika. Nilimkataza Isakwisa kumwomba Jofrey chochote. Nimekaa kiti cha nyuma, kile cha kuweka watoto, magoti kidevuni tangu Mbeya. Makambako upepo uliingia mpaka kwenye meno. Sikulalamika. Mama wa mwenye gari halalamiki.

Bibi Apolonia ni mdogo kama kibuyu na ana macho makali. Nikapiga magoti, nikamsalimu kamwene kwa Kihehe changu cha kuazima. Akaitika, akanitazama, akauliza gari la joto liko wapi. Nikamwonyesha kwa mkono. Akasema kesho miguu yake itatoa hukumu.

Sijala vizuri.

Jumamosi, 12 Julai

Nimerudi nyumbani. Siku gani hii!

Kumwingiza Bibi garini ilikuwa kama kumshusha kisimani. Faustina alibaki Kihesa, nafasi haipo. Mafinga ukungu, misonobari huioni. Bibi kajifunika mablanketi mawili. Nami nyuma naimba wimbo wa kwaya ili nisisikie meno yake. Mbele kidogo akagonga kioo, akamwambia Isakwisa asimamishe gari, atapanda basi arudi kwao. Kasema mtu anayedanganya juu ya joto atadanganya na juu ya nyumba.

Nikaona harusi inaondoka na basi.

Hapo hapo kitu kikaruka kutoka kwenye tundu la miguuni, kikatua mapajani mwa Bibi. Akakiinua. Kipande cha jani kavu la mgomba, kimekaangika pembeni.

Bibi kauliza, “Mwanangu, gari lenu linapukutisha majani?”

Isakwisa kasimamisha gari. Kashuka, kafungua nyuma. Nilitaka kuwahi lakini kutoka kiti kile ni kazi ya mtu mwenye mifupa mingine. Nilipofika alikuwa amelegeza mpira mnene unaotoka kwenye feni, anavuta majani. Anavuta. Anavuta. Kama anamtoa nyoka. Feni ilikuwa imeyameza majani yangu yote na kuyashindilia kwenye njia ya joto. Kisha akaiona kanga. Kisha ndizi.

“Mama,” akasema. Basi. Neno hilo tu.

Nikawa sina pa kuangalia. Bibi kateremsha kioo, kauliza kuna nini huko. Nikampelekea chane moja kwa mikono miwili, nikamwambia ukweli kwamba nilitaka azikute zimeiva na kwetu hakuna joto jingine. Akamenya. Akala. Akamenya nyingine.

Isakwisa kafunga mpira, kawasha. Joto likaja kwa nguvu! Kabla ya Makambako Bibi alikuwa ametupa blanketi moja, Igawa la pili, Chimala kavua soksi. Kila tukipita kituo cha basi mimi nafumba macho. Hakuomba kushuka. Alipofika kwangu hata uani hakwenda. Kamwambia Isakwisa, “Mwite Faustina aje. Huyu mama ni mwongo, lakini mjukuu wangu hatalala njaa.”

Ndiyo hiyo! Mama Jackline alikuwa ukutani anachungulia. Nimempelekea ndizi mbili. Ndogo.

Jumatano, 16 Julai

Bibi amerudi Kihesa kwa gari letu, miguu wazi. Harusi ni Septemba. Isakwisa kaniapisha nisiweke tena majani ya mgomba nyuma ya gari. Nimeapa mbele ya baba yake, aliyekuja kutoka shambani Tukuyu.

Maparachichi ya Tukuyu yamefika leo alfajiri, magumu kama mawe, na Jumapili kwaya yote inakula kwangu. Nimeyaweka pembeni ya injini na kuyafunga kwa magazeti. Gazeti si jani.

Asubuhi hii Isakwisa kaenda Chunya. Amepiga simu kwamba miguuni baridi imerudi. Nimemwambia ni yule Nashoni.