Njooni Mchukue Simu Kabla Haijatumalizia Umaskini

Ndugu Mratibu,
Mradi wa Simu kwa Mafundi Wadogo.

YAH: MAONI YA FAMILIA KUHUSU SIMU YA MUME WANGU

Salamu zangu zikufikie wewe pamoja na wote mnaokaa ofisi moja. Mimi ni mke wa fundi cherehani mwenye kibanda cha mlango wa bluu, nyuma ya soko. Ni mke wa wiki saba. Sitaji wiki hizo kwa kujisifu, bali ili uelewe kwa nini mwandiko wangu unayumba kila ninapofika kwenye neno "mume wangu".

Fomu mliyotuachia ina sehemu ya Maoni ya Familia, yenye mistari miwili. Nilijaribu kuyabana maoni yangu humo yakagoma, kwa hiyo naambatanisha barua hii. Mlisema mtapita Ijumaa kukagua, na simu ambayo haijamsaidia fundi kupunguza umaskini mtaichukua mkampe mwingine. Mume wangu amejaza kwamba imemsaidia sana. Ni kweli tupu. Yeye si mtu wa kudanganya, ukimtazama machoni utaona mpaka kisogoni. Hata hivyo naomba, kwa heshima zote, muichukue. Malalamiko yangu ni haya.

1. Simu inazuia watu kuoana. Mwaka jana nilimpelekea fundi huyu kitambaa cha maua madogo ya zambarau anishonee gauni la kuvaa kwenye mahafali ya mdogo wangu. Wakati huo wateja walimwita Fundi Kesho, maana hilo ndilo jibu alilokuwa nalo kwa kila mtu. Nilimwomba namba ya simu, akasema kwa huzuni kwamba hana simu. Ikabidi niwe naenda mwenyewe kuuliza. Mara ya kwanza zipu zilikuwa zimeadimika sokoni. Mara ya pili vipimo vilikuwa vimefutika kwenye daftari, akanipima upya. Mara ya tatu akasema huenda nimenenepa kidogo, akanipima tena, na bega akalipima mara mbili. Mara ya nne akanipa kiti. Mara ya sita nilikuta kiti kina mto, ameushona kwa mabaki ya kitambaa changu mwenyewe. Sasa wewe niambie, Ndugu Mratibu, ni msichana gani angetoka pale na moyo wake? Mahafali yalipita, nikahudhuria na sketi ya zamani, na picha zote nimetoka nikicheka peke yangu.

Hebu piga hesabu. Kama mngemletea simu mwaka mmoja mapema, angeniandikia maneno mawili tu, "Gauni tayari". Ningefika mara moja, ningelichukua, na mpaka leo ningekuwa kwa wazazi wangu nikigombea kioo na wadogo zangu.

2. Ushahidi wa jambo hilo uko kibanda cha jirani. Fundi viatu naye mlimpa simu, na hajaoa. Nilimuuliza anangoja nini, akanijibu bila kuinua macho kwenye soli: "Shemeji, nimuoe nani? Nikipiga simu wanakuja, wananyoosha mguu, wanaondoka. Nawajua kwa unyayo tu." Maneno hayo yaliniliza. Mtu mzima anajua unyayo wa nusu ya mji, na hakuna hata mmoja unaorudi nyumbani kwake.

3. Simu imeharibu mapenzi ya ndani. Tulipooana tulikuwa na tundu kwenye bati, nalo kwa bahati njema lilikuwa juu ya upande wa mume wangu wa kitanda. Mvua ikinyesha alikuwa hana pa kwenda ila kwangu. Wiki tatu za mwanzo zilikuwa za mvua, na sitasema zaidi kwa kuwa barua hii huenda ikasomwa ofisini kwa sauti. Kisha simu ikaja. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi akatuma vipimo vya sare za darasa zima kwa meseji, kazi ikaisha kwa siku tisa, na bati likabadilishwa. Sasa mvua inanyesha kama imetumwa, na mwenzangu amelala upande wake, mkavu kama chaki.

Vilevile zamani tulikuwa tunakwenda pamoja kwa miguu hadi duka la jumla kutafuta uzi. Tukifika tunakuta duka limefungwa, tunarudi mikono imeshikana, hatuna uzi wala huzuni. Siku hizi anapiga simu, anauliza rangi ipo au haipo, na mwenye pikipiki anauleta mlangoni. Tumeokoa nusu siku nzima, na hiyo nusu siku anaitumia kushona.

4. Mama mkwe. Nampenda na namheshimu, na ninaomba sehemu hii asisomewe. Kabla ya simu alikuwa akitutembelea mara moja kwa mwezi, tunamwandalia, anashukuru, anaondoka. Sasa anapiga kila asubuhi, na mume wangu, kwa kuwa mikono yake iko kazini, anaweka simu kwenye spika juu ya meza ya kukatia nguo. Mama anasimulia, cherehani kinalia, kila mtu anaendelea na shughuli zake. Lakini mimi nikipita karibu ya mwanawe, na yeye akaondoa mguu kwenye pedali hata kwa pumzi mbili, sauti inatoka pale mezani: "Mbona kimenyamaza? Mmeanza tena?" Sisi ni watu wa ndoa halali, Ndugu Mratibu. Tunaishi kama tunaibiana.

5. Hoja hii ni ya taifa zima, naomba uisome umekaa. Simu inafanya mteja aje mara moja. Mteja akija mara moja, mapenzi hayapati nafasi ya kuota. Mapenzi yasipoota, hakuna harusi. Harusi zikikosekana, nani atashonesha gauni la bibi harusi, suti ya bwana harusi, na zile sare za mashangazi ambazo huwa ni kumi na nane na kila mmoja anataka mkono wa aina yake? Mafundi cherehani watakaa vibandani wakitazamana, simu zao zimejaa chaji na hakuna anayepiga. Watarudi kwenye umaskini ule ule mliowatoa, tena safari hii wakiwa makapera. Kwa njia hiyo mradi wenu, ambao nia yake ni njema, utakuwa umeleta umaskini kwa gharama zenu wenyewe.

Kwa sababu hizo naomba Ijumaa mje muichukue simu. Ikiwa kanuni zenu haziruhusu, basi toeni agizo kwamba mteja yeyote wa kike ambaye hajaolewa asitumiwe ujumbe wa "tayari" mpaka awe amefika kibandani kwa miguu yake mara tatu, na apewe kiti. Umaskini tuliobaki nao ni mdogo sana, na tumeuzoea. Tunaomba mtuachie.

Nisalimie dereva wenu aliyetengenezewa mfuko wa suruali, yule dada anayepiga picha, na mlinzi wa getini kwenu. Wasalimie wake na waume zenu nyote, na ambao bado hamjapata, pelekeni nguo kwa fundi msiyemjua.

Ni mimi mwenye furaha na malalamiko,
Mke wa Fundi, mlango wa bluu.

N.B. Nilimpa mume wangu barua hii asahihishe makosa ya uandishi. Aliisoma amesimama, pini mdomoni. Alicheka alipofika sehemu ya mama yake. Kisha akarudi namba moja, akaisoma tena, akazitoa pini moja moja na kuzichoma kwenye mto wake wa pini bila kunitazama. Halafu akafungua droo ya vifungo na kutoa chaja ya simu ambayo sijawahi kuiona.

Ndugu Mratibu, simu alikuwa nayo wakati ule wote. Aliiuza mwezi wa harusi ndipo pete hii ikapatikana. Namba yangu niliiandika mwenyewe kwenye daftari lake siku ya kwanza, chini ya kipimo cha kiuno. Na gauni lilikuwa tayari siku ya pili, limetundikwa nyuma ya pazia, mahali ambapo kile kiti kilikuwa kimepageuzia mgongo. Ametaka pia niongeze kwamba fundi viatu alikuwa kapera miaka ishirini kabla hamjamletea simu.

Nilikasirika kwa muda wa kushona kifungo kimoja, kwa ajili ya ile sketi ya zamani. Kisha nikalia kidogo kwa furaha. Kisha nikakumbuka jina la Fundi Kesho, nikamuuliza kwa upole, wateja waliokuwa wakiambiwa warudi kesho, wangapi walikuwa wasichana? Akasema anakwenda kununua uzi. Uzi upo, boksi zima, uliletwa jana na pikipiki.

Kwa hiyo naomba mfute malalamiko yote, hasa lile la mara tatu kwa miguu. Simu ni chombo cha maendeleo na isiondoke kwenye nyumba hii hata kwa dakika moja. Kuanzia leo ujumbe wa "tayari" nautuma mimi. Nimeshawatumia wateja kumi na wanne, wote wa kike. Nguo tisa bado hazijakatwa, lakini atazikata leo, na mama yake yuko kwenye spika anasikiliza kama cherehani kinanyamaza. Kile kiti nimekipeleka kwa fundi viatu, huenda kikamsaidia. Mto nimebaki nao, upo kitandani, upande wangu.