Jabali Juu ya Nyumba ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimetangaza vita na Bwana Rada. Yeye bado hajui.

Mkuu wa ofisi ametuambia ile mashine mpya imefika, ile inayopiga picha ndani ya jiwe kama eksirei ya mfupa. Atakayefanya kazi safi kwenye Jabali atakabidhiwa mashine hiyo na chumba chake. Chumba kina kiyoyozi! Na kiti cha kuzunguka!

Jabali ni lile pande la mwamba linaloning'inia juu ya nyumba za bondeni. Kazi yetu ni kujua kama linasogea. Bwana Rada analipima kwa rada yake kutoka kwenye nguzo ya zege ya ofisi, huko juu kileleni. Mimi natumia kamera. Napiga picha leo, napiga kesho, kompyuta inalinganisha alama nyeupe tulizopaka mwambani. Zikihama kidogo tu, nimezinasa.

Agizo ni kwamba kamera nayo ifungwe kwenye nguzo ya zege. Kilima chote kile! Kwa magoti haya! Nimeifunga kwenye nguzo ya baraza langu. Jabali linaonekana vizuri ng'ambo ya bonde, na chai iko karibu. Mke wangu ameuliza kama nguzo hiyo ni imara. Nimemjibu nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu. Amesema ndiyo maana anauliza.

Jumanne, 4 Juni

Mvua kubwa usiku. Asubuhi nimelinganisha picha. LIMESOGEA! Alama zote zimehama, hakuna iliyobaki.

Kitu kimoja tu: zimehama kwenda juu. Nimejikuna kichwa kidogo. Nikaona si vizuri kumchanganya Mkuu na mambo madogo madogo. Nimeandika "limesogea", basi.

Jumatano, 5 Juni

Mkuu amenipa mkono mbele ya watu! Bwana Rada akasema yeye rada yake inasoma sifuri. Nimemhurumia, maskini. Nimempiga bega nikamwambia hata wakubwa huteleza.

Mkuu ameagiza nyumba zote zilizo chini ya Jabali zihamwe leo leo. Nimepiga makofi kuliko wote. Nikiwa katikati ya makofi nikakumbuka nyumba ya kwanza pale chini ni ya nani.

Mama mkwe alifika kwangu kabla yangu. Na cherehani yake. Na kuku. Na kitanda chake mwenyewe, maana vyetu anasema ni vya kulaza wageni tusiowapenda.

Alhamisi, 6 Juni

Mvua tena. Sina pa kukaa. Kiti changu cha barazani amekikalia mama mkwe, na mtandio wake ameuanika juu ya kamera. Nimemweleza kwa adabu zote kwamba hicho ni chombo cha serikali. Akasema basi serikali inamkaushia vizuri.

Anasema pia mlango wa chumba chake haufungiki, na jana ulifungika. Limau aliloweka mezani limebingirika lenyewe hadi jikoni. Ameniuliza, eti baba, nyumba yako imelewa? Nimemfafanulia kwamba mbao hujaa maji wakati wa mvua. Akanitazama kama anavyonitazama tangu siku ya posa.

Nazunguka tu. Sebuleni, uani, sebuleni. Nimeamua: lazima Jabali litulie, mama arudi kwake. Kesho namwendea Bwana Rada akazanie sifuri yake. Chumba na kiti cha kuzunguka, acha viende!

Ijumaa, 7 Juni

Bwana Rada ameniuliza swali moja tu: limesogea upande gani?

Juu, nikasema.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akafungua picha zangu. Mimi nilikuwa natazama alama za Jabali tu, sikuhangaika na mengine. Kumbe paa la shule nalo limepanda. Mlingoti wa bendera umepanda. Magoli ya uwanja wa mpira yamepanda, yote kiasi kile kile. Akaniuliza taratibu, kama anayeuliza mgonjwa, mzee mwenzangu, mtaa mzima unapaa mbinguni, au ni kamera yako inayoinama?

Nikafikiria nguzo ya baraza. Nikafikiria mlango. Nikafikiria limau.

Jumamosi, 8 Juni

Wahandisi wamekuja. Nyuma ya jiko kuna ufa unaomeza mkono hadi kiwiko. Kilima chini ya nyumba yangu kinateleza, tuhame leo leo. Jabali halijatikisika. Watu wa bondeni warudi makwao.

Mama mkwe alikunja kitanda chake, kisha akanikunjia na nguo zangu. Hilo ndilo lililoniuma. Baadaye akasema kwake kuna chumba cha nyuma, ukuta mmoja na banda la kuku, karibuni.

Bwana Rada amepewa chumba. Nimemwona dirishani akizunguka na kiti.

Njiani mke wangu alinishika mkono. Amesema bila kamera yangu tungelala mle ndani hadi tuamkie bondeni, sisi na paa letu. Nimelitafakari sana neno hilo. Kwa hiyo nilikuwa sahihi!

Jumapili, 9 Juni

Mkuu anataka nyumba yangu ifuatiliwe kwa picha, kutoka kwenye nguzo ya zege. Kilima kile kile! Magoti yale yale!

Nimeifunga kamera juu ya mnara wa tangi la maji la mama mkwe. Mbao tupu, tangi likijaa miguu inalia kidogo, lakini baba mkwe, Mungu amrehemu, aliujenga kwa mikono yake. Mke wangu aliutazama mnara, akahamisha kuku waliokuwa chini yake.

Na sasa, ajabu! Asubuhi tangi lilikuwa limejaa, nikapiga picha ya kwanza. Wakaoga wote, wakafua, wakaosha vyombo. Nikapiga ya pili. Nyumba yangu imehama kwenda juu. Inarudi kilimani yenyewe! Kesho nawahi kwa Mkuu kabla Bwana Rada hajanusa.

Mama mkwe ananiita chini nikajaze tangi, eti hakuna hata tone.

Asubiri. Inapanda.