Siku Niliyohama Kama Hushang

Jumamosi, 1 Agosti 1998

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, yaani mimi peke yangu, kwamba kursi nyeupe ya plastiki iliyo chini ya AC, katika duka la kinyozi Mahfoudh, hapa Darsait, Maskati, imetekwa. Mwenye haki nayo, Ghanim wa idara ya majalada, amesimama tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Miaka kumi na moja nimeikalia kursi ile. Wenzangu hukaa benchi la ukutani, mimi chini ya AC, kwa sababu msimulizi hafai kutoka jasho. Kazi yangu ni kuwakumbusha mpira wa Iran. Si huu wa juzi! Tangu Iran iifunge Marekani mwezi wa Juni, kila muuza vitunguu amekuwa mtaalamu. Mimi nasimulia ule wa zamani: wekundu wa Persepolis, wabluu wa Esteghlal, na hasa wachezaji waliothubutu kuvuka. Leo mwekundu, msimu ujao mbluu. Ndugu wakaacha kusalimiana. Mama mtu akakataa kumfungulia mwanawe mlango. Habari hizo nilizipata mwenyewe, kwa antena. Miezi ya joto, unyevu ukizidi, picha za Iran huvuka bahari zikaingia Maskati bila ya ruhusa ya mtu.

Aliyeteka kursi anaitwa Safwan. Amehamia wiki hii kutoka Wattaya, anauza magari. Kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Eti alikwenda Tehran. Eti aliwaona Persepolis na Esteghlal uwanjani, kwa macho yake mwenyewe. Nikasema kuona ni jambo moja na kuelewa ni jambo jingine. Mahfoudh akaniomba nisogee kidogo, namzibia taa.

Jumapili, 2 Agosti

Mpango: kuwahi.

Nimetoka kazini, nimekula wali nimesimama. Nasriya, mke wangu, akauliza nani amekufa. Mahfoudh anafungua mlango, mimi huyo kursini. Ubaridi wa AC kisogoni. Raha! Nikakaa kama mfalme.

Sala ya alasiri nilikuwa nimeisahau.

Nikavua kofia nikaiweka juu ya kursi, ijulikane pana mwenyewe, nikaenda kusali kichwa wazi. Imamu akanitazama mara mbili. Niliporudi, kofia imetundikwa msumarini karibu na kioo, imekung'utwa vumbi vizuri kabisa, na Safwan amekaa. Akaniambia ameihifadhi, asije mtu akaikalia. Watu wakasema mashallah, kijana muungwana. Kijana! Ana miaka arobaini na mbili. Mimi arobaini na mmoja, na hakuna anayeniita kijana.

Kisha akasimulia. Watu laki moja uwanjani, nusu wekundu, nusu wabluu. Sakafu imejaa maganda ya mbegu za maboga, ukitembea yanalia chini ya viatu. Pembeni yake mzee amevaa skafu nyekundu, analia, kwa sababu winga aliyempenda miaka sita leo kavaa bluu. Safwan hakuelewa Kifarsi, akampa leso tu. Mzee akapenga kamasi, akairudisha.

Wembe wa Mahfoudh ukasimama. Ukasimama kabisa, juu ya shavu la mteja, povu likikauka. Miaka kumi na moja nasimulia, na wembe ule haujapata kusimama kwa ajili yangu hata siku moja.

Sikulala vizuri.

Jumanne, 4 Agosti

Leo nilishambulia.

Nikatoa hadithi yangu kubwa, ya Hushang. Winga wa kushoto, mwembamba, soksi chini. Kiangazi kimoja nimemwona kwa macho yangu katika televisheni ya marehemu baba akiwa Persepolis. Kiangazi cha pili namwona Esteghlal. Anawafunga wenzake wa zamani, halafu hashangilii! Anajifunika uso kwa mikono. Hapo siku zote huwa nanyamaza kidogo, watu wavute pumzi.

Safwan akauliza kwa upole, hiyo televisheni ilikuwa ya aina gani?

Nikasema ilikuwa kubwa.

Mahfoudh, ambaye sikumuuliza, akadakia. "Mie nnaikumbuka, bwana wee! Ile yenye milango ya mbao. Si ilikuwa haina rangi ile?"

Benchi lote likanigeukia.

"Ati haina rangi," akasema mmoja wa benchini. "Sasa wewe Ghanim nyekundu uliijuaje?"

Nikajibu kwamba mtu mzoefu huitambua rangi kwa uzito wake. Duka likaanguka kwa kicheko. Mteja kacheka kwa povu mdomoni, Mahfoudh akamkwangua sikio. Mwingine akauliza kijivu cha Persepolis kina uzito gani, kilo moja au mbili. Safwan peke yake hakucheka. Akaangalia chini, akavutavuta tasbihi yake. Huo ndio uovu wake. Angecheka, ningemchukia kwa raha.

Kwa kweli, na hili naliandika humu tu: mimi na baba tuliamua. Kijivu kizito ni wekundu, kijivu chepesi ni wabluu. Na siku tuliyoamua hivyo, baba ndiye aliyekuwa karibu na kioo cha televisheni, neno lake likapita.

Jumatano, 5 Agosti

Uamuzi mkubwa. Nahama.

Ng'ambo ya barabara ipo baraza ya Thani, fundi wa kushona kanzu. Baraza hizi mbili hazipikiki chungu kimoja tangu mwaka wa birika, ambalo Mahfoudh anasema liliazimwa, na Thani anasema lilinunuliwa. Husalimiana msikitini na mazikoni basi. Hakuna mtu aliyepata kutoka kwa Mahfoudh akaenda kwa Thani. Mimi wa kwanza. Wataumia! Watanizomea barabarani. Mahfoudh atakataa kuninyoa. Safwan atabakia na kursi isiyo na historia.

Asubuhi nikampelekea Thani masharti yangu. Moja, kursi yenye mgongo. Mbili, nipewe finjani ya kwanza. Tatu, nisikatizwe. Thani, sindano mdomoni, akakubali yote matatu kabla sijamaliza la pili. Jambo hilo limenitia wasiwasi kidogo.

Alasiri nikavaa kofia yenye maua ya bluu. Nikavuka barabara polepole, katikati nikasimama, teksi ikanipigia honi. Nilitaka waone. Mahfoudh alinitazama kupitia kioo chake. Akanipungia mkono. Akapaaza sauti nimwambie Thani asiibane sana shingo.

Alidhani nakwenda kupimwa kanzu!

Kwa Thani wanazungumza viwanja vya nyumba vinavyogawiwa na serikali. Kiwanja cha nani kimetoka wapi, cha nani kimeangukia bondeni. Nikasubiri mpaka wakapumua, nikaanza na Hushang. Finjani ya kahawa mkononi. Nikafika pale Hushang anampiga beki chenga, na mkono wangu ukampiga chenga pamoja naye, huku, kule, huku. Thani akaona finjani inatikiswa, akadhani nimetosheka kahawa, maana kwetu kutikisa finjani ni kusema basi, akainyakua. Nikaendelea bila finjani. Mwengine naye akaona mgeni keshatikisa na hakuongezewa, basi anataka kuondoka. Akaninyanyukia kunisindikiza. Wote wakasimama. Wakanishika mkono mmoja mmoja, wakaniambia nimsalimie mzee. Baba alikufa mwaka wa tisini.

Dakika kumi na mbili tangu kuhama, nilikuwa nje.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimerudi kwa Thani, nikakaa na mikono chini ya mapaja. Nilisikiliza ng'ambo.

Vicheko kumi na nne kati ya alasiri na magharibi. Kicheko cha tisa kilikuwa kirefu mno, mpaka Mahfoudh alitoka nje kupumua. Kulikuwa na nini? Alisema nini yule? Nikamweleza Nasriya. Akaniuliza, kama simpendi mtu yule, kwa nini namhesabia. Nikamjibu huu ni upelelezi. Akasema Safwan kapita mchana na sahani ya halua, katuma salamu, ameuliza kama naumwa. Nikamwambia halua ile isiliwe. Akasema watoto wameshaimaliza, na yeye mwenyewe amelamba kijiko.

Lakini kabla ya hapo, asubuhi, nilifanya la maana. Nilikwenda sokoni Mutrah, kwa Bahram, Muirani mwenye duka la pistachio na zafarani. Nikamuuliza kwa Kiarabu chetu cha soko: Hushang, winga wa kushoto, soksi chini, alihama au hakuhama?

Bahram akaweka mizani chini. Macho yakamlegea. Akasema, wallahi, alihama! Akasema yeye hakula siku mbili. Akasema kaka yake alichana picha ya ukutani, kisha akaiunga kwa gundi, kisha akaichana tena.

Nilitaka kumbusu! Alihama! Nilisema kweli! Nikanunua pistachio ambazo sikuzihitaji.

Nikiwa mlangoni, Bahram akaongeza kwa uchungu: kutoka kwetu, wabluu, kwenda kwa wale wekundu.

Kinyume. Baba na kijivu chake.

Jumapili, 9 Agosti

Nimewaza siku mbili. Kweli iliyo nusu bado ni kweli. Alihama! Alikotoka na alikokwenda ni mambo ya madereva.

Alasiri nikaingia kwa Mahfoudh kifua mbele. Nikatangaza kwamba nimefanya uchunguzi, nina shahidi Muirani aliye hai, na Hushang alihama, tena shahidi hakula siku mbili. Nikamtazama Safwan. Nilimtaka abishe. Nilikuwa nimeyaandaa majibu manne.

Safwan akasema ni kweli, alihama. Akasema aliyajua hayo tangu Jumanne, kutoka Esteghlal kwenda Persepolis, lakini aliniona nimefadhaika, hakutaka kuongeza. Akaniomba radhi kwa suali la televisheni. Kisha akasimama, akaifuta kursi kwa mkono wake, akanikaribisha nikae.

Loo! Mahfoudh nusura alie. Wote wa benchini wakasema hii ndiyo adabu, haya ndiyo malezi. Mzee mmoja akamwombea dua.

Nikakaa. Kursi ina joto lake bado. AC kisogoni. Miaka kumi na moja na wiki moja. Na wote, kila mmoja wao, wamegeuza shingo wanamtazama yeye aliyesimama.

Mahfoudh akamwambia asimulie basi ile ya mzee na leso. Akaisimulia wima. Wembe ukasimama tena.

Jumatano, 12 Agosti

Alhamdulillahi! Nimesikia msikitini: kampuni ya Safwan imempeleka tawi la Salala. Kesho alasiri anapanda ndege. Nimempa mkono wa pole, mrefu, mpaka akaniuliza kama nimelia.

Mpango, na huu haushindikani. Hadithi haina hati ya umiliki. Mwenye hadithi akishaondoka, hadithi inabaki hapa na sisi. Usiku huu nimeinakili yote: watu laki moja, maganda ya mbegu za maboga, skafu, leso. Nimeyatengeneza machache. Mzee analia zaidi. Leso ni yangu. Anayeketi pembeni yake uwanjani Tehran ni mimi, mwaka ambao nitauchagua. Wakiuliza kwa nini sikusema siku zote, nitasema nilikuwa bado naumia.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nasriya amepita, amenitazama, amezima taa ya ukumbini kana kwamba hakuniona.

Alhamisi, 13 Agosti

Siku yangu. Asubuhi nimenyoa mwenyewe, nimevaa kanzu mpya, nimetia udi. Mahfoudh alikuja saa tano kuazima funguo za pikapu yangu, ana shughuli. Sikuuliza shughuli gani. Mtu mwenye furaha haulizi. Nikampa na nikamwambia asiharakishe kuirudisha.

Baada ya sala nikaenda taratibu, nikiirudia hadithi midomoni. Nimeamua mwaka: sabini na sita. Mzee atanishika bega pia. Na nitanyamaza kidogo kabla ya leso.

Duka la Mahfoudh limefungwa. Kwa Thani ng'ambo, pamefungwa.

Dobi wa jirani akatoa kichwa dirishani. Akasema wamekwenda uwanja wa ndege kumuaga Safwan, wa upande huu na wa upande ule pamoja, watu kumi na mmoja, wote katika pikapu yangu.