Korongo Asiyepepesa Macho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa mliotuma udhuru. Mashehe na wachungaji. Wachimbaji mlioacha maduara yenu ya dhahabu. Wafanyabiashara mliotoka Nyasubi. Na wote niliowasahau kwa kuzingatia itifaki, mwangaluka! (Mwangaluka!) Sijasikia! (Mwangalukaaa! Vigelegele.)

Mimi, Thobias, Mratibu wa Kamati ya Ndege Adimu, nina furaha isiyotosha kwenye bajeti kuwatangazia kwamba kando ya mto huu huu wa hapa Segese, mnaofulia nguo bila kujua thamani yake, nimemgundua kwa darubini yangu korongo nyangumi, yule mwenye mdomo kama kiatu, na kwa mujibu wa fizibiliti stadi niliyoifanya nikiwa ndani ya gari, asilimia mia na nne ya watalii watakuja hapa. (Makofi.) Wataalamu wanasema ndege huyu husimama kimya akivizia samaki, huyu wetu ana nidhamu zaidi, hajatikisika tangu masika! (Kicheko.) Msicheke, huo ni uzalendo.

Ninafahamu kwamba Mama Doto, yaani Bernadina, analalamika kuwa tangu nilipopiga marufuku kelele, mawe na kuvuna ukingoni ili korongo asisumbuliwe, kwelea kwelea wanamalizia mpunga wake na wanawe watalala njaa. Mama, nakuheshimu, lakini maendeleo ni prosesi...

(Bernadina, kutoka nyuma: "Baba, shikamoo nimeshakupa, sasa nisikilize! Huyo si ndege. Ni sanamu ya kutishia ndege, nimeisimamisha mwenyewe kwenye majaruba yangu ya mpunga. Huo mdomo ni gambuti la mume wangu la duarani!")

Mama, wewe una darubini? (Kicheko.) Basi tuliza... mzuieni jamani! (Bernadina anatumbukia kwenye majaruba, anamng'oa korongo, anamwaga maji yaliyojaa kwenye gambuti la mdomo wake. Vifijo. Watu wanashika mbavu kwa kicheko.)

Naam. Ndugu wananchi, kama mlivyoshuhudia, ndege amehama. (Kicheko kikubwa.) Na mimi ni kiongozi msikivu! Kwa mamlaka niliyojipa, ukingo naufungua sasa hivi, Mama Doto avune mpunga wake, na mwenye mundu akamsaidie. (Vigelegele. Umati unakimbilia shambani.) Msiondoke, sijamaliza! Korongo juu! (Kimya.) Utalii juu! (Kimya.) Mpunga juu! (Kutoka shambani: Juuuuu!)

Namalizia kwa kuwashukuru wafadhili ambao wangetufadhili kama tungewaandikia, mkandarasi ambaye tungempata kama tungetangaza zabuni, na ninyi mliosimama juani tangu asubuhi kunisubiri nizindue Mnara wa Kutazamia Ndege, ambao msihangaike kuutafuta, kwani hatujawahi kuujenga wala kuuchora. Lakini utepe tumeununua, tena mwekundu, na nitaukata hivyo hivyo. Asanteni sana!