Vyanzo Vitatu vya Laki Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Majaribio yangu yanaisha Ijumaa. Leo Mama Makadirio, mkuu wetu wa utafiti wa hisa, kaniita ofisini kwake. Kasema kazi yangu imempendeza, nitaajiriwa. Kisha kasema Ijumaa nije nimtajie mshahara ninaoutarajia. Akatabasamu.

Kwa nini atabasamu? Mtu mwenye nia njema hutaja mwenyewe. Huu ni mtego! Nikitaja kidogo, wamenipata. Nikitaja kikubwa, naonyeshwa mlango, na hizi laki nne za majaribio nazo kwaheri.

Na safari hii siwezi kukosea. Nalala sebuleni kwa dada tangu mwaka jana. Jana shemeji kanipa mpaka mwisho wa mwezi niwe nimehama. Kasema kwa upole kabisa, huku akipapasa kochi lake pale nilipolibonyeza. Chumba nimeshakiona: madirisha mawili, bomba ndani, laki mbili na nusu kwa mwezi. Mwenyewe ni yule mlinzi wa mlangoni ofisini kwetu. Tumepatana kwa mdomo.

Jumanne, 4 Machi

Miwani naye kaambiwa vilevile. Tulianza kazi siku moja, yeye anachambua mabenki, mimi viwanda vya saruji. Leo kutwa nzima katulia, anatafuna karanga. Nani hutulia wiki kama hii? Anajua kitu.

Nimebuni mpango. Saa ya chai nimemvuta pembeni Mzee Birika, mpika chai wetu. Nimemwambia, siri kubwa, kwamba wachambuzi wadogo siku hizi wanalipwa laki tisa. Namba nimeiokota hewani. Nimemwapisha asimwambie mtu. Kaapa kwa macho yake yote mawili, yaani mpaka jioni jengo zima litakuwa linajua. Ikimfikia Mama Makadirio, Ijumaa nikitaja laki saba ataona nimemwonea huruma. Akili ninazo, sema tu hazijatambuliwa.

Jumatano, 5 Machi

Maajabu!

Kuna sheria moja Mama Makadirio katupigilia vichwani: usiandike namba mpaka vyanzo vitatu vikubaliane, na kila kimoja kiwe kimeijua kivyake. Basi nikaamua kuutafiti mshahara kama ninavyoitafiti saruji. Nikamuuliza mhasibu, kijanjajanja, soko likoje. Kaangalia nyuma, kaninong'oneza: laki tisa. Nikamuuliza dereva. Laki tisa, tena kashangaa mimi sijui. Nikampigia rafiki yangu wa chuo aliye kampuni ya jirani. Huyo kafoka! Eti kasikia wenzake wote wanapewa laki tisa, yeye kwa nini wanampa tano?

Vyanzo vitatu! Kumbe nilipodhani nadanganya, nilikuwa nasema kweli. Hiki ni kipaji. Saba naifuta. Nataja tisa.

Alhamisi, 6 Machi

Miwani kanifuata mezani, kanigawia karanga. Karanga za nini? Mbona jana hakunigawia? Kasema yeye soko halijui, kwa hiyo kesho atamuuliza tu Mama Makadirio nafasi yetu imetengewa kiasi gani. Kanishauri nami niulize.

Eti tuulize! Hivyo ndivyo watu wanavyoliwa. Nimemjibu ni wazo zuri sana, aende nalo. Karanga nimekula moja moja, nikizinusa kwanza.

Jioni dada kauliza chumba kimefikia wapi. Nimemwambia Jumamosi nahama. Kafurahi mpaka nimeumia. Hapohapo kaanza kunikunjia shuka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeingia wa kwanza, Miwani asije akaniharibia. Nikataja: laki tisa. Mama Makadirio akaweka kalamu chini. Akauliza nimeipata wapi. Nikasema kwa vyanzo vitatu. Akauliza kama nina hakika kila kimoja kimeijua kivyake. Kivyake kabisa, nikasema. Akauliza kama nisingependa kwanza kusikia kilichotengwa.

Aha! Hapo ndipo alipojifichua! Anataka kuniteremsha! Nikamwambia asante, sitaki kusikia chochote, alete nisaini. Akashusha pumzi, akasema haya, mwanangu. Nikasaini. Nimewashinda!

Baadaye kidogo Miwani naye katoka. Nikamuuliza. Hakuficha. Kauliza, kajibiwa: laki kumi na tatu. Nafasi zote mbili, yake na yangu. Zilitengwa tangu mwanzo wa mwaka.

Nimekwenda chooni, nikajifungia, nikalia. Sioni haya kuandika, shajara ni yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Basi, laki tisa nayo ni hela. Chumba kinalipika. Nimebeba begi na godoro mpaka kwa mlinzi.

Kasema chumba sasa ni laki tano.

Nikahamaki. Nikamkumbusha tulipatana. Kasema wakati ule alikuwa hajui hali. Sasa ofisi nzima inajua watu wa hisa tunalipwa laki tisa, na yeye si mjinga. Nikamuuliza kaambiwa na nani. Kasema na Mzee Birika, ila nisimwambie mtu, ni siri.

Nimerudi na godoro kichwani. Shemeji alikuwa kajinyoosha kwenye kochi, anatazama mpira, raha mustarehe. Kaniangalia mimi, kaangalia godoro, kavuta miguu taratibu. Dada kakunjua shuka. Afadhali angenisema.

Jumapili, 9 Machi

Nimewaza kutwa. Kuna mtu kaniuza. Ile namba ilikuwa siri yangu na Mzee Birika, na Mzee Birika aliapa, tena kwa macho yote mawili. Kwa hiyo ni Miwani. Zile karanga! Nilijua tu.

Lakini mimi si wa kukata tamaa. Kesho saa ya chai namvuta Mzee Birika pembeni. Nitamwambia, siri kubwa, kwamba vyumba vya mtaa ule vimeshuka bei, siku hizi ni laki moja. Halafu nitaulizauliza.

Wakikubaliana watatu, nahama.