Mji Mzima Unanijua

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Tumefika! Baada ya miaka thelathini na moja nimekanyaga tena mji wangu. Nilipanga kushuka kwenye treni taratibu, kofia kichwani, kama balozi. Nikashuka kinyumenyume, nimembeba mjukuu aliyelala, kiatu chake kimoja nimekiuma kwa meno.

Tuko watano: mimi, binti yangu, mkwe wangu, na wajukuu wawili. Wa kike ana miaka saba. Namwita Karani, kwa sababu huandika kila kitu. Wa kiume ana minne. Namwita Mzigo, kwa sababu hatembei.

Njiani nilimwambia Karani kwamba mji mzima unanijua. Si mimi niliyekuwa fundi wa saa ya mnara wa sokoni? Watu walikula, walilala na kuoana kwa mkono wangu! Huenda nilitia chumvi. Karani akafungua daftari, akapiga mstari kwa rula, akaandika juu: WATU WANAOMJUA BABU.

Tunaondoka Jumamosi. Mpaka sasa: sifuri. Mchukuzi wa mizigo aliniita mzee wangu, lakini Karani anasema huyo hata mkwe alimwita mzee wangu.

Mtoto huyu ndiye binadamu pekee anayeniamini bila kuuliza swali la pili. Sitampoteza kwa uhaba wa mashahidi.

Jumanne, tarehe 6 Agosti

Mkwe ana mwanamke ndani ya simu anayemwelekeza njia. Namwita Bi Simu. Leo tulikwenda kuiona nyumba yetu ya zamani. Bi Simu akasema tukate kulia. Nikasema kushoto. Nani aliishi hapa, mimi au yeye? Mkwe akasema sawa, Baba, wewe ndiye mwenyeji. Kwa sauti ileile anayotumia kumwambia Mzigo kwamba dawa ni tamu.

Nikawafikisha. Nililia! Nikapapasa ukuta. Nikawaonyesha dirisha ambalo mama yao alitupia ndoo, na kizingiti nilichovuka nikiwa nimembeba, ana siku mbili, mwekundu kama pilipili. Nilizungumza robo saa, tena kwa ufasaha. Akatoka mama mmoja, taulo kichwani, akauliza kama sisi ndio wa gesi.

Nyumba ile ina miaka tisa tangu ijengwe.

Binti yangu akaninong'oneza kwamba yetu ni ile ya ng'ambo, yenye daktari wa meno. Naye aliondoka hapa akiwa na miaka saba! Mbona hakusema mapema? Anasema nililia vizuri mno, akaona haya kunikatiza.

Tukavuka barabara. Nikasimama mbele ya mlango wangu mwenyewe, wa mbao, bado una kovu la kitasa cha kwanza. Sikuwa na chozi lililobaki. Yote niliyamwaga kwa jirani.

Karani: sifuri.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Akili ni mali. Asubuhi na mapema nilikwenda kwa kinyozi wa kona. Nikamweleza: saa nne kamili nitapita hapa na familia. Atoke nje, apige kelele, anikumbatie, aseme fundi wetu, tulikukosa miaka thelathini na moja! Kinyozi ni kijana, lakini nikamwambia asijali, furaha haina umri. Akakubali kwa sharti kwamba ninyolewe. Akaninyoa kipara chote. Akauliza atanitambuaje. Nikamwambia: mwenye kofia.

Saa nne jua lilikuwa kali. Mkwe akalalamika kichwa kinamuuma. Mimi, kwa huruma zangu, nikamvisha kofia yangu.

Kinyozi akatoka mbio, mkasi mkononi, akamrukia mkwe. Fundi wetu! Miaka thelathini na moja! Akamwinua kutoka ardhini. Nilikohoa. Nikaonyesha kwa kidole. Kinyozi akadhani namhimiza, akamwinua tena.

Mkwe ana miaka thelathini na sita. Yaani mji ulimuaga kwa majonzi akiwa mtoto wa miaka mitano.

Karani aliongeza mstari mpya daftarini. Baba: mmoja. Babu: sifuri.

Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Leo niandike polepole.

Tulikwenda mnarani. Saa imesimama! Mlinzi wa pale chini anasema haijatembea miaka kumi na moja. Wazo likanijia hapohapo. Nikamwambia mimi ni mkaguzi, nimetumwa. Nilitarajia ubishi. Mlinzi nusura anibusu mikono. Anasema ameandikia manispaa barua mpaka kalamu zimekwisha. Akanipa ufunguo. Akanipa na ufagio.

Mzigo akakaa chini, akagoma. Wazazi wake wakabaki naye. Nikapanda na Karani, ngazi themanini na nne. Binti yangu alinipigia kelele kutoka chini kwamba nina goti. Ninayo mawili, nikamjibu.

Mitambo ni ileile. Nilitambua kila gurudumu kwa mkono kabla ya jicho. Tatizo: kiota kikuukuu cha njiwa kati ya meno ya gurudumu kubwa. Nikakitoa. Nikapaka mafuta ya watoto ya Mzigo, hapakuwa na mengine. Nikazungusha mkono wa kutilia ufunguo mpaka nikaona nyota. Nikasukuma pendeli, ule uzito unaoning'inia.

Ikajibu. Tak. Tak. Karani akaacha kuandika, akaweka sikio kwenye chuma. Nikamwambia vumbi limeniingia machoni. Vumbi lilikuwepo, hata hivyo.

Nikatazama saa yangu, nikaweka mishale, nikachungulia nje. Sokoni watu wameinua nyuso. Wakashangilia!

Kisha sauti ya mwanamke ikapasua umati. Dakika saba nyuma! Ni yeye! Amerudi, yule mwizi! Teremka, mshenzi wewe, nikuone!

Shajara, nikwambie wewe tu. Zamani nilikuwa nikiishi mbali na kazini. Mkubwa wangu hakuvaa saa, aliutazama mnara kutoka dirishani. Basi nikaurudisha mnara nyuma dakika saba. Kwa miaka kumi na miwili sikuchelewa hata siku moja. Nilipewa cheti! Leo sikukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe.

Karani alishuka mbele yangu akikimbia, kalamu tayari. Mimi nilishuka ngazi themanini na nne kama mtu anayehesabu siku zake.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Mwanamke yule anauza viatu chini ya mnara tangu ujana wake. Jana alinitukana dakika arobaini bila kurudia neno. Leo ametuita dukani tukae, amalizie.

Zamani hizo alikuwa bibi harusi. Treni ya saa mbili. Aliutazama mnara, akaona ana muda, akarudi kuchukua viatu vyekundu. Alipofika stesheni, aliona mgongo wa treni. Huko alikokuwa akienda, wageni wameshakaa, chakula kimeshaiva. Wazee wakaona isiwe hasara. Bwana harusi akaozwa binamu wa bibi harusi!

Nikainamisha kichwa. Nikaomba radhi, safari hii kwa kweli.

Akasema ngoja, sijamaliza. Kwenye benchi la stesheni kulikuwa na mwanamume mwingine aliyeukosa usafiri uleule, naye kwa kuuamini mnara. Wakagombana nani anunue chai. Wakaishi pamoja miaka ishirini na sita, mpaka alipomzika.  Kisha akasema matusi ni ya treni, asante ni ya mume wangu, usije ukavichanganya, mzee. Akampa Mzigo ndala mpya. Mzigo akazivua.

Binti yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Anasema marehemu mama yake alijua siri yangu siku zote, na ndiyo maana kila miadi alitoka nyumbani mapema. Hakunigusia hata mara moja, mwanamke yule! Nililazimika kutazama viatu kwa muda.

Karani ameandika: Babu: mmoja. Nilimuuliza kama wa matusi anahesabiwa. Akasema mtu akikutukana dakika arobaini, anakujua.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Ndani ya treni. Mkwe amelala, Bi Simu kifuani mwake. Mnara umerekebishwa na mama wa viatu mwenyewe. Alimnyang'anya mlinzi ufunguo, na hautoi.

Karani aliniuliza ni watu wangapi nimewaozesha kwa saa yangu. Wanne ninao kwa uhakika, nikimhesabu na binamu. Nikamwambia mamia.

Binti yangu akafumbua jicho moja.

Nikabadilisha mazungumzo. Nikamwambia Karani likizo ijayo twende mji alikozaliwa bibi yake. Nililala huko siku tatu zamani, nina mafua, sikutoka chumbani. Nikamwambia huko ndiko wanakonijua hasa. Akauliza atenge kurasa ngapi.

Nikamwambia anunue daftari jipya.